Kalamu ya Wino Kutoka Nuremberg Hadi Vienna

Kazi ilinipeleka Nuremberg, kusini mwa Ujerumani, kwa mafunzo ya mitambo ya kufungashia bidhaa, na baada ya hapo nilitakiwa kufika Vienna, mji mkuu wa Austria, kwa mikutano na wateja. Safari za namna hii nimezizoea: mchana ni wa mwajiri, jioni ni ya chumba cha hoteli, na mtu hurudi akiwa ameona viwanja vya ndege na kumbi za mikutano tu. Safari hii niliamua kwamba jioni zangu zitakuwa za kuchora. Katika ujana wangu nilichora kwa kalamu ya wino karibu kila siku, na sikuchora vitu vya kawaida. Nilichora majoka, misitu yenye nyuso, ngome zilizosimama juu ya miamba inayoelea angani, na mashujaa waliovaa deraya ambazo hakuna mhunzi aliyewahi kuzifua. Ajira na majukumu vilipokuja kalamu iliwekwa kando na miaka ikapita, lakini hamu haikufa.

Vifaa nilivyobeba vilitosha kwenye mfuko wa koti. Nilichukua daftari la ukubwa wa A5 lenye karatasi laini ya gramu 200 kwa mita ya mraba, kwa sababu karatasi nyembamba hupitisha wino upande wa pili, na karatasi yenye mikwaruzo hukwamisha ncha nyembamba na kuichakaza kabla ya wakati. Kalamu zilikuwa za unene wa milimita 0.1, 0.3 na 0.8, zote za wino usioyeyuka kwa maji ukishakauka. Kalamu ya kuchovya, ambayo ndiyo niipendayo kuliko zote kwa kuwa mstari wake hunenepa na kukonda kwa kufuata mkandamizo wa mkono, niliiacha, kwa vile chupa ya wino iliyofunguliwa juu ya meza ya treni ni hatari kwa nguo za mkutano. Kalamu yenye tangi la wino nayo ina shida yake ndani ya ndege: shinikizo la hewa linapopungua, hewa iliyobaki ndani ya tangi hupanuka na kuusukuma wino nje. Atakayeibeba ahakikishe tangi limejaa au limekauka kabisa, na ncha ielekee juu wakati wa kupaa. Kalamu ambazo wino wake umenywewa na utambi hazisumbui sana.

Yupo atakayeuliza kwa nini nisibebe penseli, ambayo haina masharti haya yote. Jibu langu ni kwamba penseli humruhusu mchoraji kuahirisha uamuzi. Mstari wa penseli unaweza kuwa ukingo wa bawa au usiwe, na mchana wa kesho ukafutwa. Wino haukupi nafasi hiyo. Kabla ya kugusa karatasi unalazimika kujua bega la joka liko wapi na uzito wake umeegemea mguu gani, na kwa mtu aliyeshinda mchana kutwa akisikiliza maelezo ya wengine, ule ulazima wa kuamua mwenyewe huiamsha akili kuliko mapumziko.

Nuremberg ni mahali pema pa kuanzia, kwa sababu ndiko alikozaliwa mchoraji Albrecht Dürer mwaka 1471 na ndiko alikofia mwaka 1528. Nyumba aliyoishi tangu mwaka 1509 bado ipo, karibu na lango la kale chini ya kasri la mji. Sehemu yake ya chini ni ya mawe, na juu yake zimepanda ghorofa ambazo mihimili yake ya mbao huonekana wazi ukutani. Nilifika hapo jioni baada ya mafunzo, mlango ukiwa umeshafungwa, nikabaki nje nikiutazama mteremko wa paa na namna mihimili ilivyokatana. Hata hivyo, kilichonileta pale hakikuwa nyumba yenyewe. Kilichonileta ni kifaru.

Mnamo Mei 1515 meli iliwasili Lisbon, Ureno, ikiwa na kifaru kutoka India, mnyama ambaye Ulaya ilikuwa haijamwona kwa zaidi ya miaka elfu moja. Dürer hakwenda Ureno na hakumwona mnyama huyo maishani mwake. Alipata habari zake kwa maandishi na kwa mchoro wa haraka uliofanywa na mtu mwingine, na kutokana na hayo alichora kwa kalamu na wino wa kahawia karatasi ambayo sasa imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, kisha mchoro ukachongwa kwenye ubao na kuchapwa kwa wingi. Kifaru wake ana pembe ndogo ya ziada mgongoni, miguu yenye magamba kama ya mtambaazi, na mwili uliofunikwa kwa mabamba ya deraya. Mnyama wa aina hiyo hayupo duniani. Lakini watu wa Ulaya walimwamini kwa zaidi ya karne mbili, na nadhani najua sababu: kifaru wa India kweli ana mikunjo mizito ya ngozi begani na kiunoni, na Dürer, aliyeishi katika mji uliosifika kwa wahunzi wa deraya, aliigeuza mikunjo hiyo kuwa kitu alichokijua barabara. Alijua bamba moja huishia wapi na jingine huanzia wapi. Kila kipande kina ukingo, unene na kivuli chake. Kisichokuwapo kilibebwa na kilichokuwapo, na hilo ndilo wazo nililosafiri nalo kutoka mji mmoja hadi mwingine.

Usiku huo nilianza mchoro wa kwanza, na sikulazimika kwenda mbali kutafuta mfano. Mchana tulikuwa tumefungua mtambo wenye mkanda wa vipande vya chuma, na mkufunzi alitueleza kwa nini kila kipande hulalia kile kinachofuata kwa upande mmoja tu: mkanda ukizunguka gurudumu, vipande hufunguka kwa nje na kubanana kwa ndani, ukigeuzwa upande mwingine, vitagongana na kuvunjika. Nilichora kiumbe mwenye shingo ndefu akiinama kunywa maji, nikampa shingo ya pingili za aina ile ile. Juu ya mpindo mabamba yameachana kiasi kwamba ngozi laini inaonekana katikati, na chini ya koo yamesongamana. Kwenye ule mwanya wa ngozi nilitumia kalamu ya 0.1 kwa vistari vifupi vinavyofuata mviringo wa shingo. Kwenye mabamba nilitumia ya 0.3 kwa mistari sambamba, na pale penye kivuli kizito nikaikingamanisha kwa safu ya pili iliyoinama kidogo. Nilisubiri safu ya kwanza ikauke kabla ya kuweka ya pili, maana wino mbichi ukipitiwa na kalamu hutengeneza doa kwenye kila makutano. Mkono uliokaa muda mrefu bila kazi hii huonekana upesi: mistari ilianza kwa nguvu na kuishia kwa kutetemeka. Niligundua kwamba nikilizungusha daftari ili kila mstari nivute kuelekea kwangu, mtetemo ule hupungua sana. Kufikia pingili za mwisho, karibu na kichwa, mistari ilikuwa imenyooka.

Treni ya kwenda Vienna hupita Regensburg, Passau na Linz. Nilikuwa na mwisho wa juma usio na ratiba, hivyo niliuvunja mwendo Passau, mji ulio mpakani mwa Ujerumani na Austria. Ndani ya treni mstari mrefu haukamiliki, kwa kuwa kila kiungo cha reli huupinda. Nukta zinakubali. Behewa likitikisika nukta husogea upana wa unywele, na hakuna jicho litakalolalamika, kwa sababu kivuli cha nukta hujengwa na wingi wake na nafasi kati yake, si kwa mahali pa nukta moja. Kwa hiyo michoro yote niliyofanya kwenye treni ni ya nukta: ukungu, mawe yenye kuvu, ngozi ya chura mkubwa aliyelala chini ya daraja. Ni kazi ya polepole mno, na safari ya saa kadhaa ndiyo inayoifaa.

Passau ni mahali ambapo mito mitatu hukutana. Nilipanda hadi kwenye ngome iliyo juu ya kilima, kaskazini mwa mji, ambako makutano yote huonekana kwa mara moja. Kutoka kusini huja Inn, iliyobeba vumbi la miamba lililosagwa na barafu ya milima ya Alps, na maji yake yamepauka kwa rangi ya kijani. Kutoka kaskazini huja Ilz, mto mdogo unaopita kwenye maeneo ya mboji na kutoka humo na rangi nyeusi. Na katikati ni Danube. Kwa umbali fulani baada ya kukutana, rangi huendelea kutembea bega kwa bega kabla ya kuchanganyika.

Hapo nilikaa sana, kwa sababu kuna tatizo ambalo mchoraji wa wino mweusi hawezi kulikwepa: rangi tatu za maji utazionyeshaje kwa rangi moja? Njia niliyoiona ni msongamano. Ilz niliijaza kwa mistari iliyokaribiana hadi karatasi ikabaki nyuzi nyembamba za weupe. Danube nikaipa mistari yenye nafasi sawa na unene wake. Inn nikaiacha karibu nyeupe, na vistari vichache tu kando ya ukingo. Kisha mito yenyewe nikaigeuza kuwa majoka matatu yaliyolazwa mabondeni, vichwa vyao vikikutana pale ncha ya mji inapoishia majini, na mistari ile ile ya maji ikawa magamba. Joka jeusi ndilo dogo kuliko yote, kama mto wake ulivyo, nami nililichora likiwa limeuma sharubu la joka la katikati. Huo ndio ukurasa ninaoupenda kupita mingine yote ya safari hii.

Vienna mikutano ilianza asubuhi iliyofuata na ikaenda kama mikutano inavyokwenda. Kilichobaki cha siku nilikigawa kati ya majumba ya makumbusho. Katika Albertina kumehifadhiwa mchoro wa kalamu wa Hieronymus Bosch wa mtu ambaye miguu yake ni mashina ya miti yaliyosimama ndani ya mashua, na kiwiliwili chake ni gamba tupu lililopasuka, ambamo watu wadogo wameketi. Kumehifadhiwa pia mchoro wa Pieter Bruegel wa mwaka 1556 wa samaki mkubwa aliyekwama ufukweni, samaki wadogo wakimwagika kutoka kinywani na tumboni mwake, huku samaki mwingine mwenye miguu ya binadamu akijiondokea na windo lake. Karatasi za umri huo haziachwi kwenye mwanga kwa muda mrefu, kwa hiyo nilizichunguza kwa nakala zilizochapwa, na hata nakala inatosha kumwonyesha mtu jambo moja la ajabu: mashua zilizo chini ya yule mtu wa mti ni mashua hasa, na nyuma yake kumetandazwa nchi tulivu yenye maji na miji ya mbali, kana kwamba hakuna la kushangaza mbele yake. Bosch hakupiga kelele mahali pote. Alikituliza kila kitu kingine ili kimoja tu kiwe hakiwezekani.

Katika jumba kubwa la sanaa nilisimama mbele ya Mnara wa Babeli wa Bruegel wa mwaka 1563. Ni picha ya rangi ya mafuta, si kalamu, lakini mchoraji wa ngome za kubuni hawezi kuipita. Mnara unafika mawinguni, na bado katikati ya urefu wake kuna mtambo wa kupandishia mawe unaozungushwa na watu wanaotembea ndani ya gurudumu, kama mitambo ya ujenzi ya enzi hizo ilivyokuwa.

Ng'ambo ya uwanja, mkabala na jumba hilo, ni jumba la historia ya viumbe, na huko ndiko nilikotatua suala la mabawa ya joka. Bawa la popo ni mkono. Kidole gumba kimebaki huru na kina ukucha, na vidole vinne vilivyobaki vimerefuka kupita kiasi ili kuushika utando, ambao huendelea hadi kwenye mguu wa nyuma. Joka lenye miguu minne na mabawa linahitaji jozi ya tatu ya viungo, na mabega mawili kila upande, ambayo mwili wowote wenye uti wa mgongo hauna mahali pa kuyaweka. Ndiyo maana majoka mengi yanayochorwa huonekana kama yamebandikwa mabawa. Mimi nilichagua joka la miguu miwili, ambalo mikono yake ndiyo mabawa, na linapotua hutembea kwa kuegemea viganja, vidole vikiwa vimekunjwa nyuma kama miavuli. Utando niliuacha mweupe, isipokuwa mikunjo karibu na kiwiko, na nyuma yake nikaijaza anga kwa kalamu ya 0.8 hadi ikawa nyeusi kabisa, ili bawa lijitokeze bila kuwekewa ukingo.

Anga hiyo ilinichukua jioni nzima, na kalamu ya 0.8 ikakauka kabla sijaifikisha kwenye pembe ya ukurasa. Katika safari ijayo ya kazi nitabeba kalamu ya kuchovya pamoja na chupa ya wino ya mililita 30, ambayo inakubalika ndani ya ndege kwa kuwa kikomo cha kimiminika kwa mizigo ya mkononi katika viwanja vingi ni mililita 100, na nitaitumia hotelini tu, juu ya meza isiyotikisika. Mnara nimeshaanza kuupanga: utakuwa na magurudumu ya kupandishia mawe, na ndani ya kila gurudumu atakuwamo mtu anayetembea.