Shuka lilikuwa linaniuma: nilivyojifunza kuishi na mwili usiotaka kuguswa

Naandika haya kwa sababu wiki iliyopita mtu kaniambia tena "jikaze tu, hayo ni mawazo", na hilo neno la kujikaza nimelisikia miaka minne sasa, limenichosha. Nina fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima yasiyoonekana kwenye vipimo. Nasimulia nilivyofanya mimi, mwenye kusaidika asaidike.

Ilianza mabegani, ikashuka mgongoni, ikafika mapajani, na wala sikuanguka wala kugongwa na kitu. Mwili mzima unauma kama wa mtu mwenye homa kali, ila ukipima joto homa haipo. Hilo ningelivumilia. Kilichonishinda ni ngozi. Shuka likigusa vidole vya miguu nashtuka kama nimemwagiwa maji ya moto, upepo wa feni ukipita mkononi nasikia kama ngozi imechunwa, sidiria ndo kabisa niliiweka pembeni. Mwanangu alikuwa na miaka sita, akitoka shule huwa anakuja mbio ananirukia, sasa siku moja karuka nikapiga ukelele nikamsukuma. Alisimama pale mlangoni ananiangalia, begi bado liko mgongoni, hata hakulia. Hiyo picha mpaka leo haijanitoka.

Vipimo nilipima kila kitu, sukari, tezi ya shingo, vitamini B12, vitamini D, damu ya kuangalia baridi yabisi, picha za mgongo, mpaka kile cha kupitishiwa umeme kidogo kwenye mishipa ya fahamu. Hela iliyoteketea hapo sitaki hata kuihesabu. Vyote safi. Watu wanadhani majibu safi ni furaha, mimi nilienda kukaa kwenye benchi nje nikalia, maana nilikuwa nataka kitu chenye jina.

Daktari wa kwanza alinibonyeza kwa kidole gumba sehemu 18, shingoni, mabegani, viwiko, nyonga, magoti, anabonyeza mpaka ukucha wake unageuka mweupe, alafu anahesabu zinazouma. Zikawa tisa. Akasema zinatakiwa 11, "hujafika mama, uko salama, nenda kapumzike." Nikarudi nyumbani na maumivu ya kubonyezwa yaliyokaa siku mbili, na jibu kwamba siumwi. Kuja kumpata daktari mwingine karibu mwaka mzima umepita, ndo huyu akaniambia ile hesabu ni ya vigezo vya mwaka 1990 vya kutambua ugonjwa huu, na 2010 vikaja vigezo vingine ambavyo havina habari ya kuhesabu sehemu za kubonyeza, wanaangalia maumivu yapo maeneo mangapi kati ya 19 ya mwili, usingizi ukoje, uchovu, kusahausahau, na yawe yamekaa miezi mitatu au zaidi. Akanipa mchoro wa mtu na kalamu nipake panapouma. Nilipaka karibu mchoro wote.

Akasema ni fibromialjia, na hili la kuumizwa na vitu visivyoumiza mtu linaitwa alodinia. Akanieleza hivi: mama, mfano una mlinzi getini, aliwahi kuibiwa usiku, sasa kila kitu anapuliza filimbi, paka akipita filimbi, jani likidondoka filimbi. Getini mwizi hayupo, ila filimbi inalia kweli na nyumba nzima haijalala. Ubongo na uti wa mgongo wako ndo huyo mlinzi. Nilimwangalia yule daktari nikajisikia kwa mara ya kwanza kuna mtu ananiamini. Kaka yangu, aliyekuwa anasema maumivu gani hayo hayaonekani kwenye vipimo, nilimwambia Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022 limeyapa maumivu sugu nafasi yake kama ugonjwa wenyewe. Hajarudia tena.

Sasa kabla ya huyo daktari nilifanya kosa moja kubwa, na nalieleza kwa urefu kwa sababu najua kuna mtu yuko njiani kulifanya. Mama mkwe wangu, na alisema kwa upendo kabisa, aliniambia "mwanangu, hiyo misuli imekaza, inataka mtu wa kuikanda hasa, si hivi vidonge." Akaniletea mama mmoja anasifika kwa kukanda. Nikalala kifudifudi. Alivyoweka tu viganja mgongoni nikang'ata mto. Nikamwambia taratibu mama, akasema ukiumia ndo inaachia, vumilia. Nikavumilia, maana niko na wakubwa na nimechoka kuonekana mdekaji. Akapanda na viwiko. Kama nusu saa nzima, machozi yanalowesha mto na mimi nasema asante. Usiku ule sikuweza kugeuka. Kesho yake mwili umewaka wote, hata sehemu ambazo hakuzigusa, chooni nilienda kwa kushika ukuta, nikalala siku nne. Na yule mama akasikika anasema inabidi arudie, mara moja haitoshi! Usikubali. Kukandwa taratibu na mtu anayeelewa hali yako ni kitu kingine, wapo wanaosaidika, lakini anayekwambia maumivu ndo dalili ya kupona, simama uvae nguo uondoke.

Nguo nazo zina mambo yake. Lebo ya shingoni nilikuwa naikata na mkasi, kumbe kinabaki kile kipande kigumu cha kama milimita tatu, kinachoma kuliko lebo yenyewe. Siku hizi nakaa karibu na dirisha na wembe, natafuta uzi wa lebo tu, nakata mshono mmoja, naruka miwili, nakata mwingine, alafu navuta pole pole lebo inatoka nzima na shingo ya nguo haijatoboka. Nimekuwa fundi, madada zangu wananiletea za watoto wao. Nguo za ndani nazivaa nje ndani ili mishono isiguse ngozi, na nanunua saizi moja juu.

Usiku ndo ulikuwa vita. Bila shuka nahisi baridi na baridi inaongeza maumivu, na shuka siwezi. Nilijaribu soksi, zikanibana. Nikajaribu boksi la katoni, nalikata pande mbili naingiza miguu kama kwenye daraja, usiku wa manane likabonyea likanidondokea, nikaamka napiga kelele, mume wangu akawasha taa anadhani ni mwizi. Siku moja niko nafua, nimelishika lile tenga la plastiki la nguo chafu, lile la matundu, nikasimama nalo. Nikalimwaga nguo zote chini nikakimbilia nalo chumbani. Unalilaza ubavu miguuni mwa kitanda, mdomo wake unakuangalia wewe, kingo unazizungushia taulo, miguu unaiingiza humo, alafu shuka na blanketi vinapita juu ya tenga. Hakuna kinachogusa, joto linakaa, hewa inapita. Nililala saa sita mfululizo! Nilikuwa sijalala hivyo karibu miaka miwili. Mume wangu asubuhi alinikuta bado nimelala, akaondoka kwa kunyata.

Ngozi yenyewe nilifundishwa na mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, jinsi ya kuizoesha. Unaanzia sehemu isiyouma, sio inayouma, watu wanakosea hapo. Mimi nilianzia juu ya kiwiko na pamba, dakika mbili, najipitishia mwenyewe huku naangalia, nasogea mpaka ukingoni panapoanza kuuma, basi, naacha. Mara nne au tano kwa siku. Ikizoea pamba unaenda kitambaa kilichofuliwa sana, alafu taulo. Kuuma kidogo sawa, ila kukikaa muda mrefu baada ya kumaliza ujue umevuka, kesho rudi nyuma. Mkono ulichukua kama wiki sita kufika kwenye taulo, miguu ilichukua miezi na bado haijafika kote.

Kitu nilichogundua hapo ni kwamba mguso mwepesi unaotembea unaniumiza kuliko kiganja kilichotulia. Na ninayegusa nikiwa mimi hainishtui kama ninapoguswa. Nikakaa na mwanangu nikamwambia, ukitaka kukumbatiwa, fungua kiganja chako hivi, nyoosha mkono, usubiri, mama atakuja kuweka wa kwake. Mkono wangu ukishatulia juu ya kiganja chake ndo nasogea mwenyewe namshika. Siku ya kwanza alisimama palepale mlangoni, begi mgongoni, kanyoosha mkono, kiganja juu, hata hatetemeki. Nilienda. Sasa hata shuleni akimkuta mwenzake analia anafanya hivyohivyo, mwalimu wake kaniambia.

Dawa, daktari alinianzishia amitriptilini miligramu 10 jioni. Mtu mmoja akaniambia hiyo ni ya sonona, eti nimeshaitwa kichaa, nikaiacha siku ya nne, na kweli mdomo ulikuwa unakauka na asubuhi naamka mzito. Daktari hakunigombeza, akasema kwa dozi ndogo hivyo inatumika kutuliza mishipa ya fahamu na kuleta usingizi, niimeze mapema kidogo jioni, niipe wiki kadhaa. Imenisaidia usingizi zaidi ya maumivu. Usiige dozi yangu, mweleze daktari wako dawa zote unazomeza.

Mazoezi sikutaka hata kuyasikia, mtu mwili unawaka unaniambia nitembee? Lakini wataalamu wa baridi yabisi wa Ulaya walipopitia tafiti mwaka 2016, katika tiba zote za fibromialjia waliyoyapendekeza kwa nguvu ni mazoezi tu. Nilianza kutembea dakika tano kwa kuangalia saa, zikifika tano naacha hata kama najisikia vizuri. Hapo ndo nilikuwa nafeli zamani, siku nzuri nafua, nadeki, napanga kabati, alafu siku tatu kitandani. Naongeza dakika moja kwa wiki, saivi niko 25.

Na usije ukasoma hapa ukajipa jina mwenyewe. Mguu mmoja ukivimba na kubadilika rangi, ukipata ganzi au udhaifu wa ghafla, mkojo ukikutoka bila kujua, malengelenge yakitokea upande mmoja yaani mkanda wa jeshi, hayo sio ya kusubiri, wahi hospitali.

Maumivu hayajaisha, kuna wiki yanarudi yote. Ila mwezi uliopita nimeamka asubuhi shuka liko miguuni, nimelikanyaga usiku na sikujua. Tenga nilikuwa nimelisukuma usingizini, limeangukia sakafuni. Nililiokota, nikalirudisha chini ya kitanda upande wangu, lipo hapo.