Nilivyowapima wahudumu wa ambulensi kwa mikono yao

Ambulensi nyingi za rufaa huku kwetu Mbeya zina watu wawili wa kazi: muuguzi nyuma, dereva mbele. Ndiyo maana nilipopanga mafunzo sikukubali dereva abaki nje akilinda gari. Mgonjwa akizimika njiani, dereva ndiye mkono wa pili. Asipojua kukandamiza kifua, muuguzi hana wa kumpokea, na baada ya dakika 2 aliyechoka hafikishi tena kina kinachotakiwa.

Msingi niliuchukua kwenye kozi ya huduma za msingi za dharura iliyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, ufahamu, kisha kumfunua mgonjwa. Mpangilio huo unakaririka upesi. Kazi iko kwenye vipimo, na hapo sikulegeza. Kifua cha mtu mzima kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kiachwe kirudi juu kabisa. Kwa mwenye mapigo asiyepumua, ambu, yaani mfuko wa kumpulizia hewa kwa mkono, iminywe mara moja kila sekunde 6, kifua kikiinuka tu inatosha. Woga huwafanya wengi waminye harakaharaka. Hewa inajaa tumboni, mgonjwa anatapika, matapishi yanaingia mapafuni.

Mkanda wa kuzuia damu niliupa muda mrefu kuliko yote, kwa sababu ya majeruhi wa malori na bodaboda wa Mlima Nyoka na Iwambi. Hufungwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, kamwe si kwenye goti wala kiwiko, na hukazwa mpaka damu ikome hata kama mgonjwa analia. Ukikazwa nusunusu unaziba vena peke yake, mishipa inayorudisha damu moyoni. Ateri, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, inaendelea kusukuma, na damu inatoka kuliko mwanzo. Mtu akiona hivyo huulegeza, wakati alitakiwa aukaze. Waya na kamba nyembamba hukata nyama bila kuziba mshipa. Kama mkanda wenyewe haupo, kunja kitambaa upana wa vidole vitatu, usokote kwa kijiti imara. Andika saa uliyofunga.

Halafu mfunike. Baridi ya Juni na Julai pale Uyole au Isyonje ni hatari kwa aliyevuja damu, maana mwili ukipoa damu haigandi vizuri. Nguo zilizolowa zitoke, na blanketi liwe chini yake pia.

Hesabu ya oksijeni nayo niliiweka kwenye mtihani, kwa dereva na muuguzi sawasawa. Mtungi wa lita 680, kwa lita 10 kila dakika, unakwisha kwa dakika 68. Geji ikiwa nusu, ni 34. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni kama kilomita 70 za kona na milima, kwa hiyo mtungi mmoja haukutoshi. Ukiondoka nao huo tu, ujue umeanza safari na upungufu.

Aliyeshindwa hatua moja alirudia hiyo hiyo mpaka akaiweza, na kila baada ya miezi 6 wote hupimwa upya, kwani ustadi wa kukandamiza kifua hufifia mapema. Ukaguzi wa asubuhi nao uko kwenye kipimo: valvu ifunguliwe, geji isomwe, na spana ya mtungi ifungwe kwa kamba kwenye mtungi wenyewe. Ikipotea, oksijeni ipo na huwezi kuifungulia.