Gari la kampuni likilala kwa mfanyakazi

Ukimwuliza mhasibu wa mishahara kuhusu kodi anayokatwa mfanyakazi aliyepewa gari la kampuni, atakutajia asilimia. Asilimia ndiyo sehemu nyepesi, maana imeandikwa kwenye sheria. Kinachosumbua ni kujua gari lipi lilikuwa kwa nani, tangu lini mpaka lini, na funguo zililala wapi. Mlinzi wa getini anayajua hayo, na afisa usafirishaji pia. Anayeandaa mishahara huwa wa mwisho kuyasikia, mara nyingi siku mkaguzi wa kodi anapoyauliza.

Sheria nyingi hazijali kama mfanyakazi aliendesha gari kwa mambo yake. Zinajali kama angeweza kuliendesha. Gari likikaa nyumbani kwake tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu bila hata kuwashwa, manufaa (faida isiyo ya fedha inayotozwa kodi kama sehemu ya mapato yake) yamepatikana, kwa kuwa lilikuwa mikononi mwake. Na safari ya kutoka nyumbani kwenda kituo cha kazi cha kila siku, na kurudi, huhesabiwa kuwa matumizi binafsi karibu kila mahali. Kubeba kompyuta ya ofisi kwenye kiti cha nyuma hakuigeuzi kuwa safari ya kikazi, wala kupokea simu ya mteja njiani. Ubishi mwingi na wafanyakazi huanzia hapo hapo, kwa hiyo jambo hili liandikwe kwenye sera ya magari na mfanyakazi atie saini kabla hajapewa funguo.

Namna ya kukokotoa inategemea nchi. Zipo zinazoshika bei ya gari. Kenya hutoza 2% ya gharama ya awali ya gari kwa kila mwezi, au kiwango kilichowekwa na Kamishna wa kodi, kitakachokuwa kikubwa. Gari likiwa la kukodi, hutumika gharama ya kukodi. Afrika Kusini ni 3.5% kwa mwezi, inashuka hadi 3.25% gari likiwa limenunuliwa pamoja na mpango wa matengenezo. Ujerumani huchukua 1% kwa mwezi ya bei ya orodha ya gari likiwa jipya, hata kama kampuni ilinunua mtumba, kisha huongeza 0.03% ya bei hiyo kwa kila kilomita ya umbali kati ya nyumbani na kazini.

Nyingine hazitazami bei kabisa. Rwanda hutumia 10% ya mapato ya ajira bila kuhesabu manufaa mengine yasiyo ya fedha. Tanzania hutazama ukubwa wa injini na umri wa gari: injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 kwenye gari lisilozidi miaka 5 ni shilingi 500,000 kwa mwaka, na likishapita miaka hiyo ni 250,000. Hizo ni za mwaka mzima. Ukiziingiza kila mwezi umemtoza mtu mara 12, na kosa hilo halijionyeshi lenyewe kwenye mfumo wa mishahara.

Sheria ya Tanzania ina kipengele ambacho wengi hukitaja nusu nusu. Manufaa ya gari hayahesabiwi kwa mfanyakazi ikiwa mwajiri hadai punguzo lolote la gharama za kumiliki, kutunza na kuendesha gari hilo kwenye hesabu zake za kodi. Watu wa mishahara husikia “hayahesabiwi” na kuishia hapo. Wakati huo huo ofisi ya fedha inaendelea kudai mafuta, matengenezo na uchakavu kama kawaida. Mkaguzi anaweka karatasi mbili mezani, ya mishahara na ya hesabu za kodi, na kazi yake imekwisha. Kwa namba, kuacha punguzo ni nadra kulipa: manufaa ya 500,000 yakitozwa 30% ni kodi ya 150,000 kwa mwaka, ilhali gari likitumia milioni 8 za mafuta, matengenezo na uchakavu, kampuni inayoacha kuzidai inaongeza kodi yake kwa milioni 2.4.

Kwenye nchi zinazoshika bei, kosa ambalo hukutana nalo mara nyingi zaidi ni namba kutolewa kwenye safu isiyo yake. Rejista ya mali ina gharama ya ununuzi na ina thamani iliyobaki baada ya uchakavu. Mtu akituma safu ya pili, gari la miaka 6 linaonekana karibu bure na manufaa yanakuwa sifuri. Kenya inasema gharama ya awali. Uchakavu wa vitabuni hauhusiki. Kwa hiyo faili la kila gari liwe na vitu hivi visivyobadilika: namba ya usajili, tarehe ya kununuliwa, gharama kama ilivyo kwenye ankara, cc kama zilivyo kwenye kadi ya gari (si kama dereva anavyokumbuka), mwaka wa kutengenezwa, aina ya mafuta, na ujazo wa tangi. Faida ya ujazo wa tangi utaiona hapo chini.

Sasa tuingie kwenye hati ya mshahara yenyewe. Chukua gari la 3,000,000 kwa kanuni ya 2%: manufaa ni 60,000 kwa mwezi. Mfanyakazi aliye kwenye daraja la 30% anapaswa kukatwa 18,000 zaidi, na mshahara wake wa mkononi ushuke kwa 18,000. Ukiona umepanda kwa 42,000, umeingiza manufaa kama posho ya fedha: mfumo umeongeza 60,000, ukakata kodi, ukamlipa inayobaki. Kipengele hicho lazima kiwekwe alama ya kutozwa kodi na alama ya kutolipwa kwa fedha. Kama mfumo hauna alama ya pili, tengeneza mstari wa makato wenye kiasi kile kile unaofuta fedha baada ya kodi kukokotolewa, na uangalie mstari huo usipunguze pato linalotozwa kodi. Kisha swali la michango ya hifadhi ya jamii: usidhani kila kinachotozwa kodi kinaingia kwenye mchango. Uingereza, kwa mfano, mwajiri hulipa mchango wake juu ya gari lakini mfanyakazi halipi. Marekani wote wawili huguswa. Ni alama mbili tofauti kwenye mfumo, na kila moja ina kifungu chake cha sheria.

Mabosi wengine hupenda kusema kampuni itabeba hiyo kodi. Sawa, lakini kodi inayolipwa kwa niaba ya mfanyakazi ni manufaa mengine juu ya yale ya kwanza. Haitoshi kulipa 18,000. Gawanya 18,000 kwa 0.70, unapata 25,714. Hiyo ndiyo kodi halisi, kwa sababu 30% ya 85,714 ni 25,714. Bosi akishaiona namba hiyo mara nyingi ukarimu unapungua.

Sasa niende kwenye daftari la safari, yaani kumbukumbu ya kila safari ya gari, maana pale ambapo sheria inaruhusu kupunguziwa kwa matumizi halisi, daftari ndilo ushahidi pekee. Kenya, mfanyakazi mwenye matumizi yenye mipaka anaweza kupangiwa kiwango cha chini, lakini yeye ndiye wa kuthibitisha. Afrika Kusini, mwajiri hukata kodi ya kila mwezi juu ya 80% ya manufaa, na anaweza kushusha hadi 20% akiridhika kwamba angalau 80% ya matumizi ni ya kikazi. Ujerumani hawataki mchezo: daftari liwe limefungwa kama kitabu, si karatasi zilizolegea, na jedwali la kompyuta linaloweza kubadilishwa bila kuacha alama hukataliwa.

Kila safari iwe na tarehe, kilomita za kuanzia na za kumalizia, ilikotoka, ilikokwenda, na sababu. Sababu iliyoandikwa “kazi” ni sawa na kutoandika. Iandikwe nani alitembelewa au mzigo gani ulipelekwa. Kisha kagua mwendelezo: kilomita za mwisho za jana ndizo za kwanza za leo. Pengo lolote ni matumizi binafsi mpaka mtu aonyeshe vinginevyo, na sera iseme hivyo. Gari lililotembea kilomita 2,400 kwa mwezi na safari za kikazi zilizothibitishwa ni 1,500 lina 900 za binafsi, yaani 37.5%. Daftari lililoandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, safari zote zikiishia kwenye sifuri (40, 60, 120), limejazwa siku moja mwisho wa mwezi. Mkaguzi analijua kwa kulitazama tu.

Ulinganishe na risiti za mafuta. Kadi ya mafuta huonyesha saa, kituo na lita. Lita 75 kwenye gari lenye tangi la 60 zina maelezo yake, na maelezo hayo hayahusu gari hilo. Mafuta yaliyojazwa Jumapili jioni mji mwingine wakati daftari linasema gari lilikaa ofisini nayo yanajieleza. Kifaa cha kufuatilia gari husaidia, ila wafanyakazi waambiwe kwa maandishi kwamba kipo na kinarekodi nini, hasa nje ya saa za kazi. Kukificha kunazua kesi nyingine kabisa.

Kuhusu mafuta nina upande. Kuna kampuni inayolipa mafuta yote na kumtaka mfanyakazi arudishe ya safari zake binafsi. Na kuna inayomwacha mfanyakazi anunue mafuta yote, kisha adai kilomita za kikazi. Ya pili ni bora, kwa sababu anayeandika ndiye anayenufaika na kuandika. Kwenye ya kwanza, safu ya binafsi itasoma sifuri mwaka mzima. Uingereza kuna adhabu ya ziada: tozo ya mafuta binafsi haipunguzwi kwa marejesho ya nusu. Mfanyakazi asiporudisha gharama ya mafuta yote ya binafsi, anatozwa kama hakurudisha chochote. Marekani nako, anayetumia jedwali la mamlaka ya kodi linalokadiria thamani ya kukodi gari kwa mwaka akumbuke kwamba mafuta hayamo humo, huongezwa kando.

“Gari letu ni la wote” ni utetezi unaopendwa. Uingereza hulipima kwa masharti yanayofaa kuigwa na sera yoyote: litumiwe na zaidi ya mfanyakazi mmoja, lisiwe la mmoja kwa kuwazuia wengine, matumizi binafsi yawe madogo yanayoambatana na safari ya kikazi, na kwa kawaida lisilale nyumbani kwa mfanyakazi wala karibu na kwake. Gari la wote linalolala kwa meneja siku tano kwa wiki ni gari la meneja.

Tarehe zina uzito wake. Uganda hupima manufaa kwa uwiano wa siku ambazo gari lilipatikana ndani ya mwaka, na hupunguza alicholipa mfanyakazi. Uingereza, gari lililokuwa gereji hupunguza manufaa ikiwa halikupatikana kwa siku 30 mfululizo au zaidi. Siku 12 za matengenezo hazibadilishi kitu. Ndiyo maana fomu ya makabidhiano ya funguo inatakiwa kila mara, hata gari likibadilishwa kwa wiki moja: tarehe, saa, kilomita, hali ya gari, sahihi mbili, na nakala kwa mishahara siku hiyo hiyo. Gari la akiba analopewa mtu wakati lake liko gereji nalo lina cc zake na bei yake.

Bima nayo isisahauliwe. Mkataba wa bima ukisema matumizi ya biashara tu, ajali ya Jumamosi sokoni inaweza kukataliwa fidia. Sera itaje nani mwingine anaruhusiwa kuendesha, na jina lake liwe kwa kampuni ya bima. Mwenzi wa mfanyakazi akilitumia, manufaa yanabaki ya mfanyakazi. Faini za barabarani ni za dereva. Kampuni ikizilipa bila kuzirudisha, imempa manufaa mengine. Kuzikata kwenye mshahara kunahitaji idhini ya maandishi iliyotolewa mapema na kuheshimu ukomo wa makato. Kenya, makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya ujira.

Likizo isiyo na malipo ni mtego. Mshahara umesimama, gari limebaki kwa mfanyakazi, manufaa yanaendelea, na hakuna fedha ya kukata kodi. Wajibu wa kuiwasilisha kodi bado ni wa mwajiri. Ama chukua funguo kabla likizo haijaanza, ama kubaliana kwa maandishi kodi hiyo italipwaje.

Kuacha kazi kuna mtego kama huo. Hesabu ya mwisho hufungwa kwa tarehe ya mwisho ya kazi, ilhali gari linarudi wiki tatu baadaye kwa sababu mtu yuko kwenye muda wa notisi akiwa nyumbani. Manufaa huhesabiwa mpaka siku funguo ziliporudi. Kwa hiyo malipo ya mwisho yasitoke kabla fomu ya makabidhiano haijasainiwa, kadi ya mafuta haijafungwa, na kilomita za siku hiyo hazijasomwa na mtu mwingine asiye mfanyakazi anayeondoka.