Matone ya Foleni

Jana binti yangu alisimama nyuma ya kiti changu, akaniuliza: "Mama, mbona huchori milima? Wachoraji huchora milima." Nikamsimulia habari za Camille Pissarro, aliyechora mashamba na vijiji miaka mingi, mpaka macho yakawa yanamsumbua akifanya kazi nje. Mwaka 1897 akakodi chumba cha hoteli Paris, akawa anachora Boulevard Montmartre kutoka dirishani: asubuhi, mvua, usiku. Mtaa mmoja, picha nyingi. Binti akaridhika, akaenda zake. Mimi nikabaki nalikumbuka basi lile.

Enzi zile kila mtu alinishauri nihame mjini nipate utulivu wa kuchora, na nilishaanza kufunga mizigo.

Jioni, mvua, foleni haisogei. Nimebanwa dirishani ndani ya basi. Nikakisogelea kioo, ndipo nikaona: ndani ya kila tone la mvua mlikuwa na barabara nzima, imepinduka, magari yananing'inia juu na mbingu iko chini. Taa za breki zilikuwa zimewaka mbele yetu, kioo chote kikawa kama kimetungwa shanga nyekundu. Mara taa za njia panda zikabadilika. Kijani kikaingia kwenye matone yote kwa mpigo mmoja, na juu ya lami kikajivuta mstari mrefu hadi miguuni mwa waliokuwa wakivuka. Nyekundu haikuondoka. Ilibaki ukingoni mwa kila tone, nyembamba, inatetemeka. Nilikuwa na penseli tu, nikawa naandika majina ya rangi.

"Unachora nini, mwanangu, na nje hakuonekani?" akauliza mzee niliyekaa naye.

"Matone, mzee wangu. Hebu sogea uone."

Akavua miwani, akainama mpaka paji la uso likagusa kioo. "Kumbe tumo humu sote," akasema.

Mizigo niliifungua usiku uleule.

Mji humpa msanii asichoweza kukibuni peke yake: taa ya huyu, mwavuli wa yule, haraka ya wote, vikutane bila mtu kupanga. Mchoraji Mondrian alifika New York mwaka 1940 akiwa na miaka 68, na katika picha yake Broadway Boogie Woogie ile mistari yake myeusi ikatoweka, ikaja njano, nyekundu na buluu. Umri ule! Labda kijijini nami ningeyaona hayohayo kwenye umande, siwezi kukataa. Ila nani angeinama pamoja nami?

Kijani kile bado sijakipata kwa rangi. Mvua ikinyesha jioni, nachukua daftari napanda basi.