Sindano Niliyonusurika

Kwa lugha ya vijana wa stendi, jogoo wangu alikuwa hapandi mtungi. Karibu mwaka mzima sikumwambia mtu. Nilikuwa naendesha Fuso la mahindi kutoka soko la Kibaigwa kwenda Dar, safari za usiku, na dereva akisema amechoka nani atamuuliza zaidi? Nilikuwa na miaka 42, kilo 98, kitambi kinagusa usukani. Vumbi la Kongo, ile dawa ya mtaani ya nguvu za kiume, nilishajaribu. Moyo ulienda mbio mpaka nikapaki Gairo, na jogoo hakuamka.

Tulikuwa tunatafuta mtoto wa pili. Siku moja mke wangu akaniuliza, "Baba Rehema, nimekukosea nini?" Kesho yake nikaenda kupima.

Nilijipeleka mwenyewe maabara, Dodoma mjini, saa tisa alasiri, nikitokea kwenye chipsi mayai. Karatasi ikasema testosteroni, yaani homoni ya kiume, nanomoli 7.2 kwa lita, na mwisho wa chini wa kawaida ni 8.6. Muuza dawa mmoja aliisoma akaniambia nahitaji sindano za homoni, na bei akanitajia hapo hapo. Hela nilikuwa nayo. Kilichoniokoa ni kwamba dawa yenyewe ilikuwa imeisha, nirudi Jumatatu.

Jumatatu nikaenda kwa daktari badala yake. Karatasi aliitazama kidogo tu, akauliza nilipima saa ngapi. Homoni hii hupanda mtu akiwa amelala, huwa juu asubuhi na kushuka mchana, na chakula nacho huishusha. Inapimwa asubuhi na mapema, tumbo tupu, tena siku mbili tofauti. Nikarudi saa mbili asubuhi, njaa inauma, nimetoka barabarani moja kwa moja.

"Umelala saa ngapi?"

"Sijalala, daktari."

"Basi hiyo siyo asubuhi yako, kaka. Nenda ukalale usiku mbili tatu, ndiyo uje."

Nilikasirika, maana mzigo ulikuwa unanisubiri. Lakini nilikwenda. Mara hii testosteroni ilikuwa 9.1, na wiki iliyofuata karibu vile vile. Bado iko chini chini. Akaagiza vipimo viwili zaidi, albumini na kingine kinachoitwa SHBG, ambacho sampuli yake ilisafirishwa Dar.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa kwa magunia. Testosteroni nyingi kwenye damu ni kama mzigo uliofungwa kamba juu ya gari. SHBG, protini inayotengenezwa na ini, ndiyo kamba ngumu. Albumini, protini nyingine ya damu, nayo imeshika, ila kwa ulegevu. Iliyo huru kabisa, inayoweza kushuka na kuingia ndani ya nyumba kufanya kazi, ni kama mbili au tatu katika mia. Karatasi yangu ya kwanza ilihesabu magunia yote bila kujali kamba.

Na kamba zangu zilikuwa chache, SHBG 16. Kitambi na sukari inayopanda huishusha protini hiyo, na ikishuka, jumla nayo inashuka. Daktari aliingiza namba tatu kwenye kikokotoo cha simu, ikatoka homoni huru nanomoli 0.25 kwa lita. Kwa hesabu yake, wasiwasi unaanza chini ya 0.22 hivi. Nikamuuliza kwa nini asipime hiyo huru moja kwa moja. Akasema vile vipimo vya bei nafuu vya namna hiyo hudanganya sana.

Kilichomkunja uso ni sukari: 6.4 kabla ya kula. Kisukari kinaanzia 7. Na kukoroma nako: utingo wangu alishaniambia zamani, "Suka, unakoroma kama injini isiyo na egzosi."

Nikamtajia sindano. Akaniuliza, "Unataka mtoto au unataka sindano?" Testosteroni ikiingizwa kutoka nje ya mwili, ubongo huacha kuziamrisha korodani, na mbegu hupungua, pengine kwisha kabisa kwa muda. Nilikaa kimya. Jumatatu ile ningekuwa nimelipia kujifungia mlango.

Tajiri alinikubalia njia ya Singida, mchana, kwa posho ndogo zaidi. Hilo ndilo lililouma kuliko mlo. Soda niliacha siku moja. Chipsi ziliniganda, mpaka leo nikipita Manyoni pua inageuka yenyewe. Nyumbani nikarudi kwenye ugali wa uwele na mlenda wa mama, na jioni natembea Nkuhungu nzima na vumbi lake. Miezi minane, kilo 87.

Nilipopima tena, nimelala vizuri, jumla ilikuwa 12.4, SHBG 24, huru 0.30. Sukari 5.5. Ile huru, ukiangalia, haikupanda sana, ila mimi naamka mwingine. Mke wangu hajauliza tena lile swali. Mtoto bado, na daktari ametaka nipime mbegu mwezi ujao. Utingo ananiomba nimpeleke na yeye, ana miaka 26 na anakunywa soda nne kwa siku.