Jina Lililotajwa Mbele ya Seredani

Binti yangu alirudi na karatasi ya shule: mti, matawi, na visanduku vya kujaza majina ya wazee. Upande wa baba yake ulijaa upesi, maana ami yake analo daftari la nasaba. Upande wetu akamwandika Bibi yangu, akapanda kwa mama yake Bibi, akaandika, kisha akaniinulia macho. "Na huyu, mama yake nani?" Nikamwambia akaoge, magharibi imekaribia.

Tangu jioni ile akili yangu iko Lamu, mtaa wa Mkomani, jikoni kwa Bibi, juu kabisa ya nyumba chini ya paa la makuti. Ramadhani ya 1996 iliingia Januari, kwa hiyo kaskazi ilikuwa inavuma, na siku zile za mwisho za Shaabani Bibi alioka mkate wa sinia karibu kila alasiri: wa nyumbani, wa jirani, wa mtu aliyefiwa, wa wanafunzi wa madrasa. Mimi nilikuwa msichana wa kutumwa. Shuka kalete nazi, panda na makaa, shuka tena kamwambie fulani arudishe kifumbu.

Alasiri hiyo hakunituma popote. Aliniketisha kwenye kibao cha mbuzi, seredani, jiko la makaa, ikiwa kati yetu.

Mchele ulikuwa umelala majini usiku kucha, ukasagwa pamoja na tui zito kwa jirani mwenye blenda. Vikombe viwili vya mchele kwa kikombe na nusu cha tui, hamira kijiko kidogo, hiliki aliyoiponda mwenyewe kwa sababu ya kununua imepondwa hakuiamini. Rojo ikafunikwa kawa mpaka ikaumuka na kufanya vipovu. Sukari, kikombe kimoja, hutiwa hapo, si kabla. Nyumba nyingi hupiga ute wa yai wakautia ili mkate uwe mwepesi. Bibi hakutia yai. Akiulizwa alisema tu, "Wetu hautiwi yai," na mazungumzo yakaishia hapo.

Shughuli yenyewe iko kwenye moto. Sufuria hupashwa kwanza na samli kidogo, rojo inamiminwa, inaachwa juu ya makaa machache mpaka ukingo uanze kushika na tundu ndogondogo zitokeze usoni. Ukiuacha hivyo hivyo, chini utaungua na uso utabaki mbichi, mweupe, unanata. Kwa hiyo makaa hupunguzwa chini na kuwekwa juu ya kifuniko, na huko juu ndiko yanakotakiwa yawe mengi. "Moto tini kidogo, yuu ndiko kwenye kazi," alikuwa akisema. Alipanga kaa moja moja kwa koleo, akianzia ukingoni kwenda katikati, na kila akiweka moja alilipulizia jivu.

Kungoja mkate ndiyo saa ambayo Bibi alitaja watu. Nasaba ya baba yake aliijua kwa moyo, fulani bin fulani bin fulani, mpaka kwa yule aliyehama kutoka Pate, na akimfikia huyo sauti yake ilipanda kidogo. Tulikuwa tunaijua sote. Mimi siku hiyo nikauliza jambo jingine kabisa, la kitoto: mkate huu yeye alifundishwa na nani?

Alikuwa ameshika kaa kwa koleo. Halikushuka kwenye kifuniko. Lilikaa pale hewani, upepo wa kaskazi ukipita chini ya makuti na kulifanya liwake jekundu, lizime, liwake tena. Nakumbuka mkono wake, mishipa iliyotokeza, bangili ya fedha ambayo haikuwa ikivuka tena kiwiko cha mkono. Nakumbuka kwamba hakunitazama mimi, alitazama lile kaa.

"Nilifundishwa na mama yake mama," akasema. Akataja jina.

Likawa jina moja, peke yake. Nikangoja "binti". Kwetu jina la mwanamke likitajwa hivyo, kwa utaratibu, lazima lifuatwe na la baba yake. Halikufuatwa na kitu. Na lenyewe lilikuwa jina la kitu kizuri, la aina waliyopewa watu walionunuliwa.

"Aliletwa mdogo," Bibi akaendelea, taratibu. "Hakujua mwaka, hakujua mji. Alikuwa akiniambia, kwetu kuna maji makuu yasiyo munyu, ukisimama huoni ng'ambo. Basi. Hilo tu ndilo alilobaki nalo." Akaliweka lile kaa juu ya kifuniko. "Alikuwa na mikono mizuri yule. Akigusa rojo kwa kidole anajua."

Nilifungua mdomo niulize. Hapo hapo ikasikika hodi ngazini, shangazi yangu mkubwa anapanda na mtungi, na Bibi, bila hata kubadilisha sauti, akasema, "Na sukari ya mwaka huu haina utamu." Shangazi akaitikia kwamba kweli, haina. Mkate ukaiva, ukachomwa njiti ikatoka kavu, ukapinduliwa sahanini uso juu, wa rangi ya dhahabu, tukakata.

Yaliyofuata ni mafupi. Sikupata tena alasiri ya namna hiyo. Nilisoma, nikaolewa, nikaenda Mombasa na kurudi. Bibi akafariki, Mungu amrehemu, na ile habari hakuirudia mbele yangu wala mimi sikuwahi kuisikia kwa mtu mwingine nyumbani.

Lakini nimekuwa nikiipigia hesabu. Sultani Barghash alitia saini kule Unguja mwaka 1873 kwamba watumwa wasisafirishwe tena baharini, na majahazi ya magendo yakaendelea kwa miaka mingi baadaye. Pwani yetu hii utumwa haukufutwa kisheria mpaka 1907. Mtoto mdogo aliyeletwa kati ya miaka hiyo angeweza kabisa kuwa bibi kizee anayemfundisha mjukuu wake kupanga makaa. Maji makuu yasiyo na chumvi: wengi walitolewa pande za Ziwa Nyasa wakashushwa Kilwa, lakini maziwa ni mengi na siwezi kumchagulia moja.

Na ninaelewa sasa jinsi alivyopotea huku damu yake ikibaki. Mtoto wa suria, yaani wa mtumwa aliyezaa na bwana wake, alikuwa huru kisheria, akirithi na ndugu zake, akibeba jina la baba. Mama yake Bibi alikuwa binti wa fulani bin fulani, kamili, hana dosari kwenye nasaba. Ukisoma juu kwa juu kupitia wanaume, unafika Pate bila kukanyaga jikoni hata mara moja. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza. Watu wa mtaa mzima walifuturu kwa mkate wa yule mwanamke, na hakuna mahali jina lake limeandikwa.

Hapa pia sitaliandika. Shangazi zangu wako hai, na jina ni lao kabla ya kuwa langu. Niliwaendea wiki iliyopita, wote wawili wako nyumba moja siku hizi, nikawaomba ruhusa mtoto alijaze kwenye karatasi yake. Mdogo alikataa waziwazi: mambo ya zamani yameshazikwa, na wachumba wa watoto wenu je, mmewafikiria? Nilimjibu kwamba mimi simwonei haya. Akasema haya si yangu peke yangu.

Mkubwa alinyamaza muda wote. Alinisindikiza mpaka dakani, akanishika mkono, akauliza Ramadhani hii nitaoka? Nikasema inshallah.

"Basi usitie yai," akasema. "Yule hakutia."