Rada, peleti na BC iliyokataa kutulia

BC, yaani namba inayoonyesha jinsi peleti (risasi ndogo ya bunduki ya upepo) inavyoshinda ukinzani wa hewa, imetulia. Peleti thelathini, rada inayopima kasi yake nimeihamisha mara tatu, na kila nilipopiga hesabu jibu likarudi lile lile. Nimehangaika na jambo hili wiki sita, kwa hiyo leo naandika kirefu.

Vifaa ni hivi: bunduki ya upepo ya silinda yenye regulata (kifaa kinachosawazisha kanieneo ya hewa inayosukuma peleti), mtutu wa milimita 4.5, peleti zenye kiuno za greni 8.44 (gramu 0.55 hivi), kasi ya mita 240 hivi kwa sekunde mdomoni. Rada inaamshwa na kipaza sauti kidogo nilichokibana kwenye bunduki, maana mlio wenyewe ni mdogo mno kwa rada kuusikia kutoka pembeni. Peleti ya ukubwa huu naifuata vizuri mpaka mita 25, baada ya hapo mwangwi unazama kwenye kelele. Hilo halinishangazi. Nguvu ya mwangwi hushuka kwa kipeo cha nne cha umbali, na kitu chenyewe ni kidogo kuliko wimbi linalokipiga.

Tatizo lilikuwa hivi. Siku ya kwanza BC ilitoka 0.0210 kwa kipimo cha G1, yaani ikilinganishwa na risasi sanifu iitwayo G1. Wiki iliyofuata, kopo lile lile la peleti, 0.0217. Siku ya tatu, 0.0237. Kama namba zingekuwa zinarukaruka kutoka risasi hadi risasi ningesema ni kelele ya kipimo, nikaongeza idadi ya risasi na kuendelea. Lakini ndani ya siku moja zilikuwa zimeshikana vizuri kabisa. Kundi zima ndilo lililohama, kama kuna mtu aliyebadilisha peleti usiku.

Nikaanza kwa kuzishuku peleti. Nikazipima uzito moja moja, nikazitenga, nikaziosha, nikaangalia sketi zake (ukingo mwembamba wa nyuma) kwa lenzi. Hakuna kilichobadilika. Nikahamia kwenye hewa, na hapo angalau kulikuwa na kosa la kweli: nilikuwa nimeacha joto la nyuzi 15 kwenye hesabu wakati nilipiga kwenye nyuzi 30. Hewa ya nyuzi 30 ni nyepesi kwa asilimia 5 hivi, kwa hiyo peleti inapungua kasi polepole na BC inaonekana nzuri kuliko ilivyo. Nikasahihisha siku zote tatu kwa joto na kanieneo halisi, na namba nilizoandika hapo juu ni za baada ya masahihisho hayo. Upepo nao nikaufikiria. Rada inapima kasi ya peleti dhidi ya ardhi, ilhali kinachoikokota ni kasi yake dhidi ya hewa. Upepo wa mita 2 kwa sekunde ukija usoni unaongeza ukinzani kwa karibu asilimia 1.7. Ni kitu cha kuangalia, lakini mimi nilikuwa natafuta asilimia 13.

Kilichoniumiza zaidi ni siku ya tatu, kwa sababu rada ilionyesha pia kwamba kasi ya mwanzo imeshuka kwa mita 4 kwa sekunde. Nikaamini regulata inavuja. Nikaifungua, nikabadilisha pete zote za mpira, nikaifunga, nikapiga tena. Mita 4 zile zile hazipo. Siku nzima imekwenda, na regulata haikuwa na kosa lolote.

Ufunguo ulitoka kwenye grafu. Mpaka hapo nilikuwa nachukua kasi mbili tu, ya mita 2 na ya mita 25, na kutafuta BC kati yake. Njia hiyo inatupa data yote iliyo katikati. Safari hii nikatoa faili ya kila risasi na kuchora logi ya kasi dhidi ya umbali. Kwa kasi hizi ukinzani wa peleti hufuata mraba wa kasi vizuri kiasi kwamba mchoro huo unapaswa kuwa mstari ulionyooka. Kuanzia mita 10 kwenda mbele ulinyooka kama uzi. Chini ya mita 5 ulipinda na kushuka, eti peleti inatoka mtutuni polepole, inaongeza kasi, halafu ndiyo inaanza kupungua. Hakuna peleti inayofanya hivyo. Aliyekuwa anapinda mstari ni rada.

Hapo nikakumbuka kiegemeo. Siku ya tatu nilikuwa nimeanza kutumia kiegemeo kipya cha bunduki, kipana, na ili kipate nafasi nikasogeza stendi ya rada pembeni. Rada ya Doppler huona sehemu ile tu ya kasi inayoelekea mbali nayo, yaani kasi halisi mara kosaini ya pembe. Mbali, pembe ni ndogo na kosa halionekani. Karibu na mdomo wa mtutu, pembe ni kubwa. Mashine hurekebisha, lakini kwa umbali wa pembeni ulioiambia wewe, na mimi niliiambia sentimita 15 siku ya kwanza nikaisahau. Rada ikiwa sentimita 40 pembeni, kipimo cha mita 2 kinabaki pungufu kwa asilimia 1.7 hata baada ya marekebisho hayo. Inasikika ndogo. Lakini peleti yangu inapoteza mita 35 tu kwa sekunde kati ya mita 2 na 25, na mita 4 kati ya hizo zikipotea kwenye hesabu, BC yote imekwenda.

Jana nikajaribu. Kopo moja, saa moja, hewa imetulia. Risasi kumi rada ikiwa sentimita 15, kumi ikiwa 25, kumi ikiwa 40, mpangilio wa mashine sikuugusa: 0.0212, 0.0219, 0.0237. Kisha kwenye lahajedwali nikayaondoa marekebisho ya mashine na kuweka ya kwangu kwa umbali nilioupima kwa tepu. 0.0212, 0.0212, 0.0212. Nilisimama nikatembea kidogo kabla ya kukaa tena.

Kuna watakaosema hapa kwamba kronografu ya macho, ile inayopima muda wa peleti kupita kati ya vihisi viwili vya mwanga, haina shida hii. Ni kweli, ina zake. Vihisi viwili vikiwa sentimita 30 mbalimbali, kosa la milimita moja tu kwenye nafasi hiyo ni karibu mita 0.8 kwa sekunde, na kwa BC unahitaji mbili, moja ikiwa huko mbele unakolenga. Kwa kujua kasi ya mwanzo tu bado naipenda, inafanya kazi haraka. Kwa BC nabaki na rada, kwa sababu inanipa njia nzima ya peleti moja, na makosa yake yanaacha alama unazoweza kuzisoma.

Mpango wa leo ulikuwa kufungua peleti za milimita 5.5. Sikuzifungua. Asubuhi lilinijia wazo: kama umbali wa pembeni ndio unaopinda mstari, basi mpindo wenyewe unaujua umbali huo. Nikauacha kama namba isiyojulikana kwenye mlinganyo, pamoja na kasi ya mwanzo na kiwango cha kupungua, nikaiambia programu itafute zote tatu kutoka kwenye risasi zile kumi za mwisho.

Ikaleta sentimita 42. Tepu inasema 40. Nikapima tena, 40. Nikafuta risasi mbili zenye ishara dhaifu, bado 42. Kulikuwa pia na ile 0.0212 ambayo siku ya kwanza, kwa kiegemeo cha zamani, ilikuwa 0.0210. Tofauti ya asilimia 1, na ningeipuuza kama isingekuwa hii 42.

Kiegemeo kipya si kipana tu, ni kirefu pia. Mtutu sasa uko juu ya rada kwa sentimita 12, na umbali unaohitajika kwenye hesabu ni ule wa mshazari kutoka rada hadi mstari wa mtutu, si wa pembeni peke yake. Arobaini pembeni na kumi na mbili juu ni 41.8. Nikaingiza mishazari kwa makundi yote matatu, na yote yakashuka mpaka 0.0210.